Kiingereza na Uandishi kwa Anayetaka Kusomea Udaktari Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa pili hivi, simu yangu huanza kulia. Ni kijana wa mwaka wa tatu chuoni Texas, au mama yake aliye Minnesota, au mjomba aliyemlea huko Ohio. Wote wana jambo lilelile: mtoto ana A za biolojia na kemia, anataka kuomba kusomea udaktari, na sasa ndiyo wamegundua kuna kitu kinaitwa sharti la Kiingereza. Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi. Mimi nilipita njia hiyohiyo na nikajikwaa palepale, ndiyo maana naumia nikimwona mtoto mwerevu, mwenye lugha tatu kinywani, akipoteza mwaka mzima kwa jambo ambalo angelimaliza alipokuwa mwaka wa kwanza.

Mwanangu anasomea sayansi. Kiingereza kinamhusu nini?

Kwanza tuuelewe mfumo wenyewe. Tanzania, mtoto akitoka kidato cha sita na alama nzuri za PCB (fizikia, kemia na biolojia) anaweza kuingia moja kwa moja kusomea udaktari. Marekani si hivyo. Anamaliza kwanza shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka minne, ya fani yoyote, kisha ndipo anaomba chuo cha udaktari, ambako kuna miaka minne mingine. Ndani ya ile shahada ya kwanza anatakiwa apitie kozi ambazo vyuo vya udaktari vimezitaja: biolojia, kemia, kemia ya ogani, fizikia, na mara nyingi baiokemia. Katika orodha hiyohiyo vyuo vingi vinaweka Kiingereza au uandishi wa mwaka mmoja.

Si vyuo vyote. Viko vinavyosema ni lazima, viko vinavyosema inapendekezwa, na viko vilivyoacha kutaja kozi na sasa vinaangalia kama una uwezo. Ushauri wangu ni kuhesabu kwamba ni lazima. Hakuna anayeomba chuo kimoja; wengi hupeleka maombi vyuo kumi, kumi na tano, au zaidi. Kimoja tu kati ya hivyo kikidai, umeshadaiwa. AAMC, jumuiya ya vyuo vya tiba vya Marekani, ina hazina ya mtandaoni inayoitwa MSAR inayoonyesha kila chuo cha MD, shahada ya udaktari iliyozoeleka zaidi, kinataka nini. Ifungue, kisha andika kwenye daftari masharti ya kila chuo unachokitamani. Usitegemee maneno ya rafiki aliyeomba miaka mitano iliyopita, kwa sababu masharti hubadilika.

"Mwaka mmoja wa Kiingereza" ni krediti ngapi?

Kwa vyuo vinavyogawa mwaka katika mihula miwili, ni kozi mbili za krediti 3 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), jumla krediti 6. Kama chuo chako kinagawa mwaka kwa robo, krediti moja ya robo ni sawa na theluthi mbili ya krediti ya muhula, kwa hiyo unahitaji krediti 9 za robo. Hapa wengi huteleza: wanachukua kozi mbili za krediti 4, wanapata 8, na kumbe bado moja. Piga hesabu mapema, wakati bado una nafasi kwenye ratiba.

Texas ina mfumo wake wa maombi, TMDSAS, na vyuo vyake vinataka krediti 6 za Kiingereza zenye alama C au zaidi.

Kozi gani hasa zinahesabika?

Iliyo salama kuliko zote ni ile ya uandishi ya mwaka wa kwanza inayotolewa na idara ya Kiingereza, pamoja na mwenzake inayoifuata. Kwenye vyuo vingi vya serikali vya Texas utaziona kama ENGL 1301 na ENGL 1302. Kwingineko zina namba nyingine, lakini ni zilezile: kusoma makala, kujenga hoja, kuandika utafiti, kusahihishwa na kuandika upya. Kozi za fasihi za idara hiyo nazo kwa kawaida hupita.

Zogo linaanza kwa kozi nyingine zenye uandishi mwingi, kama historia, falsafa au mawasiliano. Baadhi ya vyuo huzikubali, vingine vinataka uandike barua kuomba, na vingine havitaki hata kusikia. Hapo ndipo nilipojikwaa. Nilikuwa nimechukua kozi moja ya Kiingereza na moja ya uandishi wa kisayansi iliyotolewa na idara nyingine. Niliandika kurasa nyingi kuliko mwenzangu yeyote wa idara ya Kiingereza na nikapata A. Chuo kimoja nilichokipenda mno kikanijibu kwa sentensi mbili kwamba kozi ile haikuwa na herufi za ENGL kwenye transkripti, ile karatasi rasmi ya kozi na alama, hivyo sharti halijatimia. Nilipeleka silabasi, nikampigia mwalimu, nikaomba barua, na jibu likabaki lilelile. Ilinibidi nisome Kiingereza majira ya joto, mchana kazini na usiku darasani.

Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, tazama herufi zilizo mbele ya namba ya kozi. Kama si za idara ya Kiingereza, waandikie vyuo unavyovitaka uwaulize, na majibu yao uyahifadhi kwa maandishi.

Nilianzia madarasa ya Kiingereza kwa wageni. Nayo yanahesabika?

Kwa kawaida hapana. Madarasa hayo ni daraja la kukufikisha kwenye kozi ya uandishi. Usiyaonee aibu wala usiyaruke. Ninawajua vijana waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wakiwa wamesoma kwa Kifaransa na Kiswahili, wakaanza na madarasa hayo, na miaka miwili baadaye wakawa wanasaidia wenzao kwenye ofisi ya uandishi ya chuo. Ila panga muda wako ukijua kwamba krediti 6 zinaanza kuhesabiwa baada ya hapo.

Je, AP ya sekondari inatosha?

AP ni kozi za kiwango cha chuo zinazosomwa sekondari. Inategemea chuo. Vingi hukubali endapo chuo chako cha shahada ya kwanza kimeiweka kwenye transkripti, kikataja somo na idadi ya krediti. Vingine hukubali AP lakini vinataka uongeze kozi ya juu zaidi ya somo hilohilo. Vipo visivyoikubali kabisa. Kama una AP ya Kiingereza, ongeza kozi moja ya fasihi au uandishi chuoni. Itaziba pengo, na itakupa mwalimu anayekujua kwa kalamu yako. Hilo la mwalimu nitalirudia.

Kusoma Kiingereza kwenye komyuniti koleji kutaniharibia?

Hapana. Familia nyingi zetu huanzia kwenye vyuo hivyo vya jamii vya miaka miwili kwa sababu ya ada, na hiyo ni busara ya pesa. Vyuo vingi vya udaktari huzikubali krediti hizo. Chuo kikiwa na mashaka, mashaka yake mara nyingi huangukia kemia na fizikia. Chukua Kiingereza huko bila hofu.

Nilisoma sekondari na chuo nyumbani, masomo yote kwa Kiingereza. Kwa nini nianze upya?

Swali hili huulizwa na watu wazima waliokuja na shahada ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na huulizwa kwa uchungu. Ninauelewa uchungu huo. Lakini AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vingi vya MD, haihakiki transkripti za nje ya Marekani na Kanada, wala haiziingizi kwenye wastani wa alama, isipokuwa masomo yaliyopokelewa na kupewa krediti na chuo cha hapa. Vyuo vingi pia vinataka kozi za sharti ziwe zimesomwa Marekani au Kanada. Alama zako za kidato cha nne, hata kama Kiingereza ulipata A, hazina pa kuingia.

Wanaoomba vyuo vya DO, yaani udaktari wa osteopathia, hupitia mfumo mwingine, AACOMAS. Huko nako soma sharti la kila chuo kuhusu masomo ya nje kabla hujalipa ada ya maombi.

Mimi ni daktari tayari, nimehitimu nyumbani. Haya yananihusu?

Hayakuhusu. Njia yako inapita ECFMG, chombo kinachothibitisha madaktari waliosomea nje, pamoja na USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari. Zamani Kiingereza cha kuzungumza kilipimwa ndani ya mtihani wa Step 2 CS, uliofutwa mwaka 2021. Sasa unafanya OET, mtihani wa Kiingereza kwa watu wa afya, toleo la udaktari, ambalo lina kusikiliza, kusoma, kuzungumza, na kuandika barua ya kitabibu.

Na TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa wageni?

Aliyesoma shahada yake ya kwanza Marekani kwa kawaida haombwi. Baadhi ya vyuo huwaomba wageni wa kimataifa. Kwa walio na viza ya mwanafunzi, kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba vyuo vingi vya MD havipokei kabisa waombaji wasio raia wala wakaazi wa kudumu. Litazame hilo kwanza.

Nilipata C ya Kiingereza. Nirudie?

AMCAS hugawa alama zako mafungu mawili: sayansi na hesabu upande mmoja, mengine yote upande wa pili. Kiingereza kinaingia fungu la pili na kwenye wastani wa jumla. Ukirudia kozi, alama zote mbili huhesabiwa, ile ya zamani haifutwi. Kwa hiyo badala ya kurudia kozi ileile, mara nyingi ni bora upande kozi ya juu zaidi ya idara hiyo na uipate A. Msomaji wa maombi ataona umepanda. Kama ulipata D, lazima urudie.

Watu wanasema CARS ndiyo inayowaangusha vijana wetu kwenye MCAT. Ni kweli?

MCAT ni mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari, na CARS ni sehemu yake inayopima usomaji. Ina vifungu 9, maswali 53 na dakika 90, yaani dakika kumi kwa kila kifungu na maswali yake. Vifungu vinatoka kwenye falsafa, sanaa, historia, uchumi, siasa. Hakuna sayansi ya kukariri, na kila jibu limo kwenye kifungu chenyewe. Hupewa alama kati ya 118 na 132, sawa kabisa na kila sehemu ya sayansi.

Sitasema inawaangusha vijana wetu wote, lakini nimekaa na wengi nikaona wanapokwama. Tumefundishwa kusoma ili kukumbuka. CARS inataka usome ili kujua mwandishi anataka nini, anabishana na nani, na ni wapi amebadili mwelekeo. Kijana mmoja niliyekaa naye mezani Jumamosi nzima alikuwa akipigia mistari karibu kila sentensi. Nikamwomba aweke kalamu chini, asome aya moja, afunge karatasi, anieleze kwa Kiswahili mwandishi analalamikia nini. Akanyamaza. Tukarudia. Aya ya nne akasema, "Huyu hawapingi wachoraji, anawapinga wanaonunua picha." Ndiyo hiyo! Baada ya hapo alifanya hivyo kila siku, vifungu viwili asubuhi, muhtasari kwa Kiswahili, maswali kwa Kiingereza.

Mazoezi ya wiki sita hayatoshi kama hujasoma makala ndefu maishani. Kozi ya fasihi ya mwaka wa pili inakuandaa kwa CARS kuliko kitabu chochote cha maandalizi.

MCAT iliwahi kuwa na sehemu ya kuandika, ikaondolewa mwaka 2013. Wengine husikia hilo wakadhani uandishi umepungua uzito. Umehamia kwenye maombi yenyewe.

Insha binafsi inatakiwa iwe na nini?

AMCAS inakupa herufi 5,300, nafasi tupu zikiwemo. TMDSAS inakupa 5,000. Swali ni kwa nini unataka kuwa daktari. Mbali na hiyo kuna orodha ya shughuli, hadi 15, kila moja herufi 700, na tatu ulizozichagua kuwa na maana zaidi unaziongezea herufi 1,325 kila moja. Kisha, baada ya maombi ya kwanza, kila chuo hukutumia maswali yake. Ukiomba vyuo kumi na tano utaandika insha mpaka vidole viume, na zote ndani ya majira yaleyale ya joto.

Tatizo ninalokutana nalo zaidi ni adabu yetu. Sisi tumelelewa kuanza kwa salamu, kisha methali, kisha kuizunguka habari taratibu mpaka msikilizaji aifikie mwenyewe. Na mtu mwenye heshima hajisifu. Mtoto anaandika, "Tulisaidia wagonjwa kambini," kumbe ni yeye peke yake aliyekuwa akitembea nyumba kwa nyumba kuwaandikisha watoto chanjo. Msomaji wa Marekani ana rundo la maombi mezani, hatakisia. Mwambie uliona nini, ulifanya nini kwa mikono yako, na kilikubadilisha vipi. Kusema ukweli wa ulichofanya si majivuno.

Na usiandike mateso matupu. Msomaji atakuonea huruma, lakini kamati inatafuta daktari. Kama ulimkalimania mama yako kliniki ukiwa na miaka kumi na moja, hiyo ni habari nzito, na kuna sababu: kanuni za shirikisho za mwaka 2016 ziliwakataza watoa huduma kumtegemea mtoto mdogo kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Eleza neno lililokushinda kutafsiri siku ile. Eleza uso wa mama. Halafu eleza ulichojifunza kuhusu daktari aliyesubiri na yule ambaye hakusubiri.

Makosa gani ya Kiingereza huwapata wazungumzaji wa Kiswahili?

Moja linanigusa kuliko mengine: "he" na "she". Sisi tuna *a-* na *yeye*, na inatosha kwa baba, mama, shangazi na mjomba. "Alikuja, akakaa, akaniambia anaumwa." Kiingereza kinakulazimisha uchague kila mara, na ukichoka ulimi unachagua vibaya. Rasimu ya kwanza ya insha yangu ilimhusu bibi yangu mzaa mama, na aya ya tatu nzima nilimwita "he". Mwalimu wangu wa uandishi hakunicheka. Alizungushia kila moja kwa penseli, kumi na mbili kwa jumla, kisha akaandika pembeni akiuliza huyu mwanamume ni nani na bibi amekwenda wapi. Tangu siku hiyo husoma kila ninachoandika mara moja kwa ajili ya neno hilo tu. Kwenye insha ni aibu. Kwenye faili la mgonjwa, muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kujiuliza kama amefungua faili sahihi.

Vingine ni "a" na "the", ambavyo lugha yetu haina, na nyakati za vitenzi, kwa sababu *-ka-* hutubebea masimulizi yote na Kiingereza hakina kitu kama hicho. Soma rasimu yako kwa sauti mbele ya mtu. Nenda kwenye ofisi ya uandishi ya chuo chako. Huduma kwa kawaida ni bure kwa mwanafunzi, na nasikitika kila nikisikia mtoto wetu hakuwahi kuingia.

Naweza kumpa mtu aniandikie, au kutumia akili bandia?

Kuandikiwa, hapana. Ukipeleka maombi ya AMCAS unathibitisha kwamba kilichomo ni kazi yako ya kweli. Washauri, rafiki na hata programu za akili bandia zinaruhusiwa kukusaidia kuwaza, kusahihisha na kuhariri, lakini matokeo yawe yako. Na mbali na kanuni: kwenye usaili utaulizwa kuhusu insha hiyo ana kwa ana. Sauti ya karatasi na sauti ya mdomo zisipofanana, inajulikana.

Kwa nini daktari aandike vizuri? Si atapima na kutibu?

Mzazi mmoja aliniuliza hivyo kwa dhati, nami nilimjibu kwa mfano wa insulini. Dozi ya insulini hupimwa kwa yuniti. Kwa miaka mingi madaktari walifupisha neno hilo kwa herufi U. Andika 4 na U kwa haraka, na U inasomeka kama sifuri: 4 inakuwa 40. Vilevile ukiandika miligramu 1.0 na nukta ikafifia, inasomeka 10. Mwaka 2004 Joint Commission, shirika linaloidhinisha hospitali za Marekani, lilitoa orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa, na hivyo vyote vimo. Daktari huandika siku nzima: historia ya mgonjwa, maagizo, barua kwa daktari mwenzake, maelekezo ya kwenda nyumbani. Mgonjwa anakutana naye kwa dakika chache, ila maandishi yake yanabaki na kusomwa na watu ambao hawezi kuwaona wala kuwaeleza alimaanisha nini.

Kozi ya Kiswahili chuoni inahesabika kama Kiingereza?

Haihesabiki, huwekwa kwenye lugha za kigeni. Lakini Kiswahili chenyewe kitaje kwenye maombi. Kama umefanya mafunzo ya ukalimani wa kitabibu, yaweke kwenye orodha ya shughuli pamoja na saa ulizofanya kazi.

Nilikuwa nataka barua za mapendekezo kutoka kwa walimu wa sayansi tu. Kuna ubaya?

Baadhi ya vyuo vinataka barua moja ya mwalimu asiye wa sayansi. Hapa ndipo ninaporudi kwa yule mwalimu wa uandishi. Darasa la kemia linaweza kuwa na watu mia tatu, na mwalimu akakukumbuka kwa alama tu. La uandishi mara nyingi ni la watu ishirini hivi. Amesoma rasimu zako, ameona ulivyopokea masahihisho. Muombe barua wakati kozi inaisha, si miaka miwili baadaye akiwa amesahau jina lako.

Nianze lini?

Kozi ya kwanza ya Kiingereza muhula wa kwanza, ya pili muhula wa pili. Kozi ya fasihi mwaka wa pili. Rasimu ya insha Januari ya mwaka unaoomba. AMCAS hufunguliwa mapema Mei, na unaweza kupeleka kuanzia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Wahi, kwa sababu uhakiki wa transkripti huchukua wiki kadhaa na foleni hurefuka. Kama uko mwaka wa nne na huna hata kozi moja ya Kiingereza, vyuo vingi hukubali uombe huku kozi ikiendelea, mradi iwe imekwisha kabla ya kuanza masomo. Jiandikishe wiki hii, kabla darasa halijajaa.